Vifo vya ukatili Nzega: orodha tatu, idadi tatu. Nazioanishaje?

Mratibu_Nzega
Wakuu, nakusanya takwimu za vifo vya ukatili kwa kata nne. Nina daftari la mochwari, kumbukumbu za polisi na orodha za watendaji wa vijiji. Nikijumlisha, narudia watu. Nikichukua orodha moja, naacha wengi. Nianzie wapi?

Takwimu_Uyui
Usijumlishe, mkuu. Kila marehemu mpe namba yake, na tukio namba yake: waliouawa watatu nyumba moja ni namba tatu za marehemu, moja ya tukio. Mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za vifo vya ukatili ulioanza 2002, NVDRS, unafanya hivyo: cheti cha kifo, ripoti ya mchunguzi wa vifo na ya polisi zinakutana kwenye tukio moja.

Jina lisikuongoze. Polisi wana majina mawili, mtendaji kaandika "Mama Kulwa". Linganisha jinsia, kijiji, tarehe, na umri kwa kuruhusu miaka mitano juu au chini. Tarehe ndiyo inayopoteza wengi. Aliyekatwa panga Kaliua tarehe 3 akafia hospitali ya mkoa tarehe 12, PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali) ina siku ya jeraha, mochwari ina siku ya kifo, nawe unahesabu watu wawili. Weka safu mbili za tarehe, na mbili za mahali: alikojeruhiwa na alikofia.

Misimbo_Tbr
Ukikuta "sepsis" (maambukizi yaliyosambaa mwilini) au "damu kuvujia kichwani", chanzo bado hujakipata. Kwenye hati ya kifo soma mstari wa chini kabisa ulioandikwa katika sehemu ya kwanza. Misimbo ya S na T ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na sababu za vifo, inataja jeraha au sumu tu, si nani alikusudia. Unayoitafuta ni X60–X84 kujiua, X85–Y09 kushambuliwa, Y10–Y34 kusudio lisilojulikana.

"Wananchi wenye hasira kali" si silaha. Uliza walitumia nini: mawe au rungu ni Y00, moto X97, ncha kali X99. Sumu ya wadudu ya pamba au tumbaku, pasipo ushahidi wa kujiua, kuwekewa au bahati mbaya, ni Y18. Tafadhali, maneno ya msibani yasikufanye umwandike marehemu kuwa alijiua.

Mhoji_Sikonge
Waliozikwa bila kufika hospitali, hoji wafiwa. Subiri arobaini ipite, ila usivuke mwaka. Uliza kilichotumika, alipigwa wapi mwilini, aliishi muda gani baada ya hapo. Jina la mtuhumiwa usiulize. Huenda yumo humo ndani. Kwa bibi aliyeuawa kwa kusingiziwa uchawi, hoji mtu mmoja mmoja faragha, kamwe si mbele ya ukoo.

Orodha ya majina na namba ifungiwe kabatini, mbali na fomu. Na jedwali la kijiji lenye kifo kimoja au viwili usilitoe: kila mtu atajua ni nani.

Mratibu_Nzega
Asanteni sana. Na maiti zilizookotwa bila jina?

Takwimu_Uyui
Nazo zina namba. Andika jinsia, umri wa kukadiria, mavazi, alama za mwilini, mahali na siku ya kuokotwa, na namba ya RB (ya taarifa iliyofunguliwa polisi). Ndugu wakijitokeza baadaye, jaza jina kwenye namba ileile, usifungue mpya.