Naomba ushauri: siku 4 za kupiga picha Kilwa Kisiwani, nianze kupanga na nini?

Kijana wa Temeke

Habari za jioni wakuu. Nina likizo ya siku 4 mwezi wa nane, kuondoka na kurudi humohumo, na nimeamua zote ziishie Kilwa Kisiwani. Miaka mitatu napiga picha za harusi na kipaimara, sasa nataka picha zangu mwenyewe za magofu ya kisiwa hicho: Gereza (ile ngome ya kale), Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa, na majahazi yakipita. Kamera moja, lenzi mbili (18-55 na 50), betri mbili, stendi ya kuazima. Hela ya kurudia safari sina, kwa hiyo sitaki kukosea. Nianze kupanga na nini? Songo Mnara, kile kisiwa kingine chenye magofu, nako nitawahi? Rafiki yangu ana droni, niibebe?

Mtu wa Masoko

Karibu nyumbani mkuu. Panda basi Mbagala Rangi Tatu, lakini uliza kabisa kama linaingia Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia. Ya Lindi na Mtwara yatakushusha njia panda ya Nangurukuru, uanze kutafuta usafiri mwingine. Agosti barabara haina neno. Wakati wa kuogopa ni masika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika huko Somanga. Kibali cha magofu kinakatwa huku Masoko kabla ya kuvuka. Droni iache, vibali vyake vinaanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, si jambo la kushughulikia ukiwa umeshashika begi.

Mwanapwani

Mdogo wangu, anza na mwezi. Huo wa angani, kabla ya huo wa kalenda.

Safari yangu ya kwanza nilichukua siku nilizopewa kazini, nikavuka saa nne asubuhi nikiwa na picha yangu kichwani: Gereza, maji ya buluu, tanga jeupe. Nilikuta matope. Mashua zimelala ubavu, bahari iko kule. Nahodha aliyenivusha alinihurumia, akanifundisha hesabu ambayo kila mvuvi wa pale anaijua. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne yako chini kabisa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa jua likiwa linaelekea kuzama. Hapo ndipo pa kuweka likizo yako. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na jioni utakuta yamekupwa.

Agosti umechagua vizuri. Kipindi hicho jua liko kaskazini, na upande wa Gereza unaotazama Masoko ndio wa kaskazini, kwa hiyo jioni mwanga unaupiga kwa ubavu na kila jiwe linaonekana. Nilirudi Desemba mwaka mwingine, ukuta huohuo ulikuwa kivulini. Ila Agosti kusi, ule upepo wa kusini, inavuma, na mchana maji yanarukia ndani ya mashua. Kamera iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na ubebe kitambaa kikavu cha kufutia chumvi kabla haijakauka kwenye kioo.

Msikiti Mkuu uende asubuhi. Kibla pale ni kaskazini, mwanga unaingia kwa pembeni, unapita kati ya nguzo na kupanda taratibu kwenye matao. Lenzi yako ya 50 inatosha. Sogea mpaka karibu: pale chokaa ilipobanduka, jiwe la tumbawe lina vitundu vidogo kama sega la nyuki, na jua la asubuhi linaweka kivuli ndani ya kila kitundu. Nilikaa saa nzima mbele ya nguzo moja, na ndiyo picha yangu ninayoipenda kuliko zote.

Na usilale na kamera kwenye kiyoyozi. Ukitoka nayo alfajiri kwenye joto la pwani lenzi inashika ukungu, na mawio hayasubiri. Mimi nilipoteza asubuhi nzima hivyo, nikifuta na kufuta.

Songo Mnara acha safari hii. Ukitoa siku ya kwenda na ya kurudi unabaki na mbili, na Songo Mnara peke yake inakula siku, kushuka kwenyewe ni kupita ndani ya maji na mikoko.

Jambo moja nakuomba sana. Kisiwani ni kijiji, watu wanaishi katikati ya hayo magofu. Salimia, kaa, kamera ibaki begini. Kina mama usiwapige bila kuwaomba. Mimi safari ya pili nilipeleka picha zilizosafishwa, nikampa bibi mmoja niliyempiga mlangoni kwake. Aliishika kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani bila kusema neno. Aliporudi alikuwa amebeba kigoda, akaniambia nikae.

Kijana wa Temeke

Dada, ahsante sana. Nimetazama mwezi, siku zangu zilikuwa zimeangukia maji mafu kabisa. Kesho naomba kazini wanisogezee. Husuni Kubwa niipange saa ngapi?

Mwanapwani

Siku yako ya pili ya kuvuka, mapema, ukitoka msikitini itakuwa umechelewa. Iko mbali na Gereza, ni mwendo wa miguu, na jua likipanda kuta zote zinakuwa nyeupe. Kubaliana na nahodha na mwongozaji tangu jana yake, kibali kiwe mkononi. Ukifika tafuta lile bwawa la pembe nane. Ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Simama mahali ambapo bwawa na bahari vyote viingie kwenye fremu moja, hapo tumia 18. Na betri ya pili iweke mfukoni mwako, begi utaliacha chini ya mbuyu.