Mkono mmoja wa sweta umetoka mdogo, na sindano zangu zinachomewa nyama. Nisaidieni

MamaPacha_Tororo

Habari zenu wafumaji wenzangu, pamoja na nyinyi mnaopita tu kusoma.

Mimi nafuma kwa kujifurahisha, sina duka. Watoto wakilala nachukua kapu langu, nguo ikiisha nampa mtu. Sasa hivi nina sweta la mama mkwe. Yeye yuko Kabale, na aliyewahi kulala Kabale hahitaji kuelezwa baridi ya kule. Wifi yangu anasafiri mwisho wa mwezi, ndiye atakayelibeba.

Mgongo uko tayari, mbele zote mbili ziko tayari (ni la vifungo), mkono wa kulia pia. Nilitumia sindano namba 8 kama kijitabu kinavyosema. Ni kijitabu cha zamani, nilipewa na mtawa aliyetufundisha kazi za mikono shuleni. Wakati najiandaa kuanza mkono wa kushoto, baba watoto akapata wageni wa kuangalia mpira. Nyama ikawa nyingi kuliko vijiti. Akaenda kwenye kapu akachomoa sindano yangu moja, akatunga nyama ya mbuzi, akaiweka kwenye sigiri. Imepinda na imekuwa nyeusi. Nilipomuuliza akanijibu, "Si ipo nyingine?"

Sokoni muuza nyuzi hakuwa na namba 8, akanipa jozi ya namba 10. Akasema mkono utapanuka kidogo tu, nitaurudisha kwa kuuvuta. Nikafuma vitanzi vilevile, 60 pale juu panapoungana na bega, na mistari ileile. Umetoka MWEMBAMBA na mfupi. Wa kulia una upana wa sentimita 27, wa kushoto 23. Jamani, sindano kubwa inatoaje mkono mdogo?

Jambo la pili ni rangi. Sweta ni damu ya mzee. Uzi uliniishia, nikarudi palepale, nikaambiwa huu ndio uleule. Usiku chini ya taa ni uleule kweli. Asubuhi nje juani, mkono wa kushoto umeelekea kwenye nyekundu.

La tatu si la kufuma. Nyinyi mnaishije na watu wa nyumbani? Mkasi wangu wa nyuzi nimeukuta unakata magamba ya samaki. Futi kamba mwanangu anavutia gari lake la kopo. Umeme ukikatika, mtu wa kwanza kutafuta pa kukaa gizani lazima akalie kapu langu. Halafu shemeji kila akinikuta na sindano: "Si ungeenda soko la Owino pale Kampala ukachukua la mtumba la elfu kumi ukapumzika?"

Naombeni ushauri, hasa hilo la kwanza.

Mwana_wa_Busia

Kwanza tuambie, nyama iliiva?

MamaPacha_Tororo

Iliiva. Hata mimi nilikula.

BibiSindano_Jinja

Mama Pacha, pole bambi. Huyo muuza nyuzi amekupoteza, ila hata yeye simlaumu sana, wengi hawajui.

Kijitabu chako ni cha Waingereza wa zamani. Kwa hesabu yao ile ya zamani, namba ikipanda sindano inapungua unene. Namba 8 ni milimita 4. Namba 9 ni 3.75. Namba 10, hiyo uliyopewa, ni 3.25. Kwa hiyo hukupewa sindano kubwa, umepewa nyembamba. Kitanzi kinachukua unene wa sindano, sindano nyembamba inatoa kitanzi kidogo, na ukiwa na vitanzi 60 upungufu wa kila kimoja unajumlishwa. Chukua rula uhesabu mwenyewe: mkono wa kulia utapata kama vitanzi 22 kwenye sentimita 10, wa kushoto utapata kama 26. Hapo ndipo sentimita zako nne zilipokwenda. Urefu nao umepungua kwa sababu hiyohiyo, mistari imekuwa mifupi.

Ukitafuta jozi nyingine usitaje namba, taja milimita. Namba za Wamarekani zinapanda kwenda juu, na 8 yao ni milimita 5, kwa hiyo ukisema "namba 8" tu unaweza kupewa chochote. Au fanya hivi: ile sindano nzima iliyobaki itoboe nayo kipande cha boksi gumu, uende na boksi sokoni. Sindano inayopita kwenye tundu bila kucheza na bila kulazimishwa ndiyo yako. Mimi boksi langu lina matundu ya kila saizi na halijawahi kunidanganya, tofauti na wauzaji.

Mkono wa kushoto fumua.

Mwana_wa_Busia

Kwa nini afumue? Auloweke ule mkubwa kwenye maji ya moto, upungue ulingane na mdogo. Dada wa kazi kwetu alifanya hivyo kwa sweta langu bila hata kuombwa.

BibiSindano_Jinja

Sweta lako lilikuwa la sufu, kijana. Sufu ukiipa maji ya moto na kuisugua, nyuzi zake zinashikana, nguo inakuwa ndogo na nzito na hairudi tena. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, haifanyi hivyo. Na hata kama ya Mama Pacha ni sufu, nani anaweza kuisimamisha kwenye sentimita 23 kamili? Utapata mkono wa mtoto.

Mama Pacha, uzi wako ni wa nini?

MamaPacha_Tororo

Niliambiwa sufu. Madonge hayakuwa na lebo, alikuwa ameshazitoa.

BibiSindano_Jinja

Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo, kichome juu ya sahani. Sufu inanuka kama nywele zikiungua na inaacha majivu yanayopondeka kwa kidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usishike kwa vidole, kikiyeyuka kinang'ang'ania ngozi.

FundiMashine_Kampala

Nyabo (mama), mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine, nizungumzie rangi.

Uzi unatiwa rangi kwa mkupuo, na mkupuo mmoja haufanani kabisa na mwingine hata kama rangi inaitwa jina moja. Ndiyo maana lebo ya donge huwa na namba mbili, moja ya rangi na moja ya mkupuo. Muuzaji anayetoa lebo anakunyima hiyo ya pili. Mimi nikinunua naangalia namba, nanunua wa sweta zima pamoja na donge la ziada, nikibakiza natengeneza kofia. Na rangi naipima mlangoni kwenye mwanga wa jua, kamwe si ndani chini ya taa.

Kwa sasa usifume mkono mzima kwa uzi mpya. Mkono mmoja kuwa na rangi yake, hata mtu aliye ng'ambo ya barabara ataona. Fumua mikono yote miwili, changanya: mistari miwili kwa donge la zamani, mistari miwili kwa jipya, mpaka juu. Tofauti itapotea machoni.

BibiSindano_Jinja

Kwa heshima yako fundi, mkono wa kulia uko sawa, kwa nini afumue kazi nzuri? Akichanganya mikono yote, itatofautiana na mwili. Mimi ningefumua wa kushoto tu. Uzi wa zamani angeutafuta kwa kufumua kingo: mikono inapoishia kwenye kifundo, shingo, na pale chini kiunoni kama ilianzwa juu. Uzi huo unamalizia mkono wa kushoto. Kisha kingo zote zifumwe kwa uzi mpya. Kingo zote zikiwa na rangi nyingine, mtu anaona ni urembo.

FundiMashine_Kampala

Kama uzi wa kingo utatosha, ushauri wa bibi ni mzuri kuliko wangu. Nakubali.

Nyabo_wa_Kigezi

Nasoma kimya ila hapa lazima niingie. Mama mkwe wako anavaa gomesi, lile gauni refu la heshima la Uganda?

MamaPacha_Tororo

Kanisani na kwenye sherehe, ndiyo. Kwa nini?

Nyabo_wa_Kigezi

Kwa sababu sweta halikai juu ya mabega ya gomesi, yale yaliyochongoka. Atalivaa mara moja kwa ajili yako, kisha atalikunja aliweke kwenye sanduku la bati na kuendelea kujifunika shuka. Wazee wa kwetu wanavaa sweta juu ya nguo nyingine mbili. Sentimita 27 pale juu ni chache hata kwa mkono ulio sawa. Kwa kuwa unafumua, ongeza vitanzi sehemu ya juu, ufike 70, na shimo la bega uliache wazi zaidi. Mkono wenyewe usiwe mrefu, atakuwa anashika jembe na maji.

MamaPacha_Tororo

Nyabo, kwa hiyo na wa kulia nifumue?

Nyabo_wa_Kigezi

Sehemu ya juu tu. Shuka mpaka kwenye kiwiko, uanzie hapo kuongeza.

BibiSindano_Jinja

Kabla ya kushuka, pitisha uzi wa rangi nyingine kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote vya mstari ule wa kiwiko. Ndipo uvute. Ukifika pale uzi unakusimamisha, hakuna kitanzi kitakachokimbia. Uzi uliofumuliwa utakuwa na mikunjo, usiufume hivyohivyo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uuning'inize na kitu kizito kidogo chini mpaka ukauke.

Shangazi_Mbale

Nimekuja kwa swali la tatu, naona nyote mmelikwepa.

Mwanamume anayechukua sindano kuchomea nyama hajui kwamba sindano ni kifaa. Kwake ni waya. Usigombane naye, mnunulie vijiti vyake vya mishikaki vya chuma, mwambie hivi ni vyako na mtu asiviguse. Atavilinda kuliko unavyolinda kapu. Mkasi tafuta wa pili, wa bei rahisi, uutundike jikoni mahali wanapouona. Wa kwako uende chumbani. Futi kamba ya mtoto mwachie, gari limeshapata kamba yake. Kapu lenyewe litundike kwenye msumari, lisikae kwenye kiti. Kiti ni cha kukaliwa, hata ungekuwa wewe.

Na shemeji wa Owino muulize ukubwa wa shingo yake. Tangu nilipomfumia wangu kofia, hajanitajia mtumba tena.

Mwana_wa_Busia

Na sindano iliyopinda? Si anyooshe kwa nyundo aendelee?

BibiSindano_Jinja

Asithubutu. Itabaki na makwaruzo, itanasa uzi kila kitanzi. Na mtu asimwambie atumie moja namba 8 na moja namba 10, atapata mstari mpana na mstari mwembamba. Kwetu tulianza kufuma kwa spoku za baiskeli na zilitufundisha vizuri, lakini hizo ni nyembamba mno kwa kazi hii. Anunue jozi.

MamaPacha_Tororo

Nimerudi na majibu.

Uzi nimeuchoma: umeyeyuka, kidonge cheusi kigumu. Sufu niliyolipia haipo.

Boksi lilifanya kazi. Duka la tatu nikapata jozi inayopita sawasawa, imeandikwa 4 mm. Mkono wa kushoto umefumuliwa, uzi unaning'inia uani na kopo la maharage chini yake, na kila anayepita anauliza ni mtego wa nini. Kingo nitabadilisha zote kwa uzi ulioelekea kwenye nyekundu. Baba watoto amepewa vijiti vyake vya nyama na sasa anavifunga kwenye gazeti.

Swali moja: nilitaka kumwekea mama mkwe zile dawa nyeupe za mviringo, nafthalini, nondo wasile. Na likiisha nilipige pasi ya makaa?

Nyabo_wa_Kigezi

Nafthalini toa. Nondo wanakula sufu, na hiyo si sufu. Halafu kama kuna kichanga kule nyumbani atakayebebwa kifuani na bibi yake, nguo iliyokaa na nafthalini si ya kumkaribia. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kitu mwilini kinacholinda chembe nyekundu za damu, wako wengi kwenye nchi zenye malaria kama yetu, na kwao harufu ile inaweza kuvunja chembe za damu.

FundiMashine_Kampala

Pasi hapana kabisa. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto inalala, inang'aa, na haiamki tena. Cheche ya makaa nayo inatoboa. Lioshe, lilaze juu ya taulo, ulinyooshe kwa mkono likauke.

Nyabo_wa_Kigezi

Vifungo weka vikubwa. Asubuhi ya kwetu vidole vya mzee havishiki kifungo kidogo.

MamaPacha_Tororo

Vikubwa nimepata vya kahawia tu.

Nyabo_wa_Kigezi

Vinafaa. Vishonee kwa uzi wa cherehani maradufu, na nyuma ya kila kimoja weka kipande cha kitambaa visivute kitanzi.