Ng'ombe kaingia njia ya ndege, bima wamenipandishia mimi, na hawataki kunionyesha hesabu

Wakuu, nimejaribu kujituliza kabla ya kuandika haya na bado sijatulia.

Tuko watatu, tunamiliki ndege ndogo, Cessna 172M ya mwaka 1975, inalala Kisumu. Miaka 6 tumelipa bima bila kudai hata senti. Novemba mwaka jana nilikuwa natua kwenye kiwanja cha nyasi huku magharibi. Nilishapita juu mara moja kukagua kama tulivyofundishwa, hakukuwa na kitu. Magurudumu yameshagusa, mwendo unapungua, ng'ombe akachomoka kichakani upande wa kushoto. Nikakanyaga breki, nikamkwepa, gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Mguu wa gurudumu hilo ukakunjika, propela ikala udongo, injini ikazima papo hapo. Niliposhuka nikakuta ncha za propela zimejipinda kurudi nyuma, nyasi zimesokotana humo, na kijana mchungaji amesimama na fimbo yake anatetemeka, hajui akimbie au asaidie. Hakuna aliyeumia, hata ng'ombe. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Fidia ililipwa, siwezi kusema uongo. Propela, mguu wa mbele, na ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya rubani uliokuwa umebonyea. Injini ilibidi ifunguliwe yote, maana kwa injini hizi za Lycoming propela ikishagonga ardhi huwezi kuiamini krenki, ule mhimili unaoizungusha, kwa kuwa tu inazunguka. Vipuri vilivyokutwa vimechakaa kwa kazi ya kawaida tulijilipia wenyewe. Ni sawa, bima hulipia ajali, hailipii uzee.

Kinachonichoma ni hiki. Bima inaisha Ijumaa. Jumatatu, siku nne kabla, broka anatuma bei mpya: kutoka dola 1,900 hadi dola 3,400 kwa mwaka, kwa ndege ileile yenye thamani ileile ya dola 55,000. Kiasi cha kubeba wenyewe kabla bima haijalipa kimetoka dola 1,500 hadi 5,000. Punguzo la kutodai limefutwa. Hiyo nyongeza ya bei peke yake inakaribia shilingi laki mbili. Siku nne! Nitamtafuta broka mwingine saa ngapi?

Nikapiga simu. Jibu la kwanza: "Soko limepanda." Naam, najua soko lilipanda. Ile ajali ya ndege ya Ethiopian Airlines ya Machi 10, 2019 karibu na Addis Ababa iliua watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya wenzetu. Mwaka 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na ndege za kukodi zaidi ya 400 zikabaki Urusi. Hasara za namna hiyo zinatufikia hata sisi wenye ndege ndogo, kwa sababu kampuni zetu za hapa hupeleka sehemu kubwa ya hatari hizi kwa wenye mitaji nje, London hasa. Lakini hayo yote yalikuwapo kabla ya ng'ombe wangu, na mwaka jana nililipa 1,900. Basi nionyesheni: soko ni dola ngapi, ng'ombe ni dola ngapi?

Jibu la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Eti nilete ripoti ya wachunguzi inayosema sikuwa na kosa. Jamani! Mtu anauza bima ya ndege na hajui kwamba chini ya Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, uchunguzi wa ajali haufanywi ili kumtafuta mwenye kosa? Kazi yake ni kuzuia ajali nyingine. Ripoti itaeleza ng'ombe, mtaro, breki na urefu wa nyasi. Haitaandika "rubani hana hatia" hata nikingoja miaka 10. Ninadaiwa karatasi ambayo kwa kanuni yenyewe haiandikwi.

Halafu wakaja na dawa: jina langu litolewe kwenye orodha ya marubani wa hiyo ndege, bei itashuka. Yaani nichangie ndege nisiyoruhusiwa kuirusha. Wenzangu wawili hawakuwamo siku ile, mmoja alikuwa Nakuru kazini, nao wanabebeshwa. Nikihamia ndege nyingine nako fomu itaniuliza kama nimepata ajali yoyote ndani ya miaka 5, na nitajibu ndiyo, kwa sababu ukificha wanapata sababu ya kukataa kukulipa siku ukiwahitaji. Nina saa 310 angani, 190 kwenye aina hii hii. Hizo hakuna aliyeniuliza.

Nimemwandikia broka barua nikitaka vitu viwili: mchanganuo wa nyongeza kwa maandishi, na uthibitisho kwamba maelezo yangu, picha za mtaro na taarifa ya kijana mchungaji vilifika kwa wanaopanga bei. Nashuku kilichofika ni mstari mmoja tu, "ajali, fidia imelipwa". Nisipojibiwa kufikia Alhamisi, nakala inaenda kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima.

Mliowahi kupata ajali mkiwa na PPL (leseni ya rubani binafsi), Eldoret, Kitale, popote: nyongeza yenu ilikaa miaka mingapi kabla ya kushuka? Kuna aliyewahi kupewa mchanganuo? Na kuna broka anayekaa chini na rubani kuandika maelezo ya ajali kabla ya kuomba bei? Nitumieni jina lake faraghani. Ndege imetengenezwa, imefunikwa turubai, na Jumamosi haina bima.