Kustaafu, kurudi Mombasa na kutafuta kazi yenye maana kanisani

Ujumbe wa kwanza, kutoka Leeds

Ndugu na dada zangu katika Kristo, salamu nyingi kutoka Leeds.

Mwakani nitastaafu baada ya kuendesha mabasi, na baadaye kuyapangia ratiba, kwa miaka ishirini na sita. Mimi na mke wangu tumekwisha kuamua kurudi Mombasa, upande wa Kisauni, ambako tumejenga kidogo kidogo. Mambo ya mizigo na ushuru nimeyapata kwenu, na ninawashukuru. Linalonisumbua sasa ni jingine. Nimezoea kuamka saa kumi alfajiri nikijua kuna watu wananingoja, na ninaiogopa asubuhi ya kwanza ambayo hatakuwepo wa kuningoja. Nimewaza kuanzisha mradi kanisani, niuongoze mwenyewe na kuugharamia kwa pensheni yangu. Je, mliotangulia kurudi mnaonaje? Iko kazi ya maana kwa mtu wa umri wangu, au tunapokewa kwa ajili ya mfuko tu?

Jibu, kutoka Kisauni

Kaka yetu wa Leeds, Bwana Yesu asifiwe.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililoniliza mwaka wangu wa kwanza. Mimi nilikuwa muuguzi huko Uingereza kwa miaka ishirini na saba, nikarudi na wazo linalofanana sana na lako. Nilialikwa kila harambee, nikaketishwa meza ya mbele, nikatajwa jina kabla ya kutoa bahasha, kisha nikarudi nyumbani kungoja bahasha nyingine. Sikuwalaumu wenzangu, kwa sababu mimi mwenyewe nilijitambulisha hivyo. Tangu nifike sikuwahi kuuliza zamu ya kufagia ukumbi ni ya nani.

Kilichonigeuza ni mwisho wa sura ya 8 ya kitabu cha Hesabu, mahali ambapo wengi wetu hupita haraka. Walawi waliingia katika utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na walipofika 50 wakapumzishwa kazi nzito, lakini hawakuambiwa waende zao. Waliendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Nimelishika sana hilo la kuwasaidia ndugu. Mlawi mzee hakupewa hema yake ya pembeni aisimamie. Alibaki katika hema ile ile, miongoni mwa watu wale wale, ila mzigo ulihamia kwenye mabega ya vijana. Ndiyo maana nakusihi uutazame upya huo mradi ulioanzishwa nawe, unaogharamiwa nawe na kuongozwa nawe, kwa kuwa naogopa utakurudishia asubuhi ile ile unayoikimbia. Siku utakayougua, watu wataulizia fedha kabla hawajakuulizia wewe.

Na katika hilo la pensheni, sikiliza vizuri kabla hujaahidi lolote. Pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi kila mwaka kwa mtu anayeishi Kenya. Utakapohamia huku itasimama katika kiwango kile kile, huku bei za sokoni Kongowea zikipanda. Ukijifunga kutoa kiasi fulani kila mwezi, baada ya miaka kumi ahadi hiyo itakuwa imekulemea, na walioitegemea wataona umewatupa. Toa sadaka yako kama wengine, na kwa yanayobaki jitoe mwenyewe.

Sasa nikueleze tulivyo, maana nilijifunza kwa kukosea. Jumamosi mbili za kila mwezi tunapima presha katika ukumbi wa kanisa. Kiongozi wetu ni mhudumu wa afya ya jamii, binti ambaye ningeweza kumzaa, mwenye begi la vifaa ambalo wahudumu kama yeye waligawiwa na serikali mwaka 2023. Siku moja alikuja mama mmoja muuza mahamri, mwenye mkono mnene, na mkanda wa mashine haukuzunguka sawasawa. Ulipojaa hewa uliachia, binti akaukaza tena, na mashine ikasoma 168. Alikuwa tayari kuandika. Mimi, mbele ya benchi zima, nikamwambia kwamba amekosea, kwamba mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa hudanganya kwa kuipandisha presha, na kwamba huko nilikotoka kosa kama hilo halivumiliwi. Kuhusu mkanda nilisema kweli, na katika mengine yote nilikosa.

Jumamosi iliyofuata binti hakuja. Nilikaa na mashine yangu na vyeti vyangu, na waliofika walikuwa saba. Ndipo nilipoelewa kwamba yeye ndiye aliyejua mlango wa nani uko uchochoro gani, nani aliacha dawa tangu mwanawe akose vibarua bandarini, na nani hatakuja mpaka afuatwe. Tena sheria ilikuwa upande wake, kwa sababu leseni yangu ya uuguzi ya Kenya ilikuwa imelala miaka mingi na sikuwa na ruhusa ya kumtibu mtu yeyote. Jambo hilo liwafikie wote wenye taaluma: fufueni leseni zenu mapema, kwani ujuzi wa ng'ambo hauvuki mpaka wenyewe. Nilikwenda kwao nikamwomba msamaha, mama yake akisikia. Akanijibu kwa upole, "Mama, ungeniita pembeni ningekushukuru."

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepanga, nami nina zamu yangu. Ninawaketisha wazee dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo ukiegemea kiti, nyayo zote mbili chini, bila mazungumzo. Karani mstaafu wa bandari anaandika majina kwa mwandiko mzuri ajabu, na kina mama wanapika chai. Anayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi hupimwa tena, na ikibaki hapo huelekezwa zahanati, na mmoja wetu humsindikiza. Tunaanza kwa sala, na haiombwi kwa cheo. Huomba yule aliyefika kwanza. Nimekaa makanisani maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuona ibada karibu nami kama katika dakika zile tano za kimya, nimemshika mzee mkono.

Kisauni hii unayoijia inawajua watu waliorudi. Hapa Freretown, na kule Rabai, walifika katika miaka ya 1860 na 1870 Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Nasik, India. Walikuja na useremala, uhunzi, ualimu na Injili, wakafanya kazi pamoja na waliowakuta. Nikipita Kengeleni huwakumbuka, kwa sababu walikuwa na mikono tu ya kutoa.

Nawe unayo mikono. Kanisa letu hukodi matatu kwa safari za mazishi bara, nasi hupanda usiku bila mtu wa kutazama matairi wala kumuuliza dereva amelala saa ngapi. Tukipata mtu aliyepanga zamu za madereva kwa miaka mingi, akakubali kuwa chini ya kamati ya mazishi na si juu yake, tutamshukuru Mungu kwa machozi. Fika kwanza, keti nao miezi mitatu, kisha waulize wanakosa nini.

Ujumbe wa tatu, kutoka Leeds

Mama, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na mke wangu ameusoma kwa sauti. Hilo la madereva nimelipokea kama wito, na nitalileta kwa kamati kama ombi. Je, kuna kitu chochote ambacho kundi lenu linahitaji tuweke ndani ya sanduku?

Jibu, kutoka Kisauni

Mikanda miwili mikubwa ya mashine ya presha, kaka. Nitakutumia jina la mashine yetu ili iingiliane, baada ya kumuuliza kiongozi wetu kama anakubali. Mkabidhini yeye mkononi, si mimi. Tunaanza saa mbili asubuhi, na viti hupangwa kuanzia saa moja.