Fundi aliyetoka jeshini: apewe cheti moja kwa moja au apange foleni ya mtihani?

Karakana Kuu (mwanzisha mada)
Wakuu, hili tulijadili bila matusi. Mtu kapiga ufundi wa malori kwenye karakana ya jeshi miaka 12 au 15. Anarudi uraiani na hati inayotaja cheo, tarehe na kwamba tabia yake ilikuwa nzuri. Haisemi alishusha gia boksi ngapi wala alifunga injini za aina gani. Mwajiri anaigeuza juu chini kisha anauliza, "Cheti cha VETA (mamlaka ya ufundi stadi) kiko wapi?" Mwisho wake mnaujua: lindo la getini, rungu mkononi, na ule ufundi unaota kutu.
Hoja yangu: mwenye miaka 10 kwenda juu kwenye fani apewe cheti cha ngazi inayomfaa bila mtihani. Jeshi limeshampima. Mnasemaje?

Spana 32
Sipingi mtu kula. Ila mjeda mimi namtambua kwa nati za tairi. Anachomeka bomba kwenye spana, anapanda juu, anaruka mara tatu, anapiga saluti. Raia ukipata pancha Chalinze, mtakuwa watu watano kwenye nati moja. Mtihani ubaki.

Afande Mstaafu
Spana 32, hiyo saluti imetokea wapi? Tunajadili vyeti, wewe unaleta vichekesho vya kijiweni.
Sasa kaa chini nikupe hesabu. Mtu wa kilo 70 akisimama, narudia AKISIMAMA, mwishoni mwa bomba la mita 1, mkazo unaofika kwenye nati ni Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo) 690 hivi. Malori mengi yenye nati za milimita 22 yanataka kati ya Nm 600 na 700. Kwa hiyo bomba lenye urefu unaojulikana na mtu anayejua kilo zake ni kipimo halali mkiwa porini. Anayeharibu ni fundi wenu wa mtaani na ile bunduki ya upepo ya kukazia nati: anabonyeza mpaka ilie trrrr, hajui kama ametoa 400 au 1,200.

Spana 32
Hesabu safi, afande, ila umesahau pembe. Hiyo 690 unaipata bomba likiwa limelala sawasawa na ardhi. Likiinama nyuzi 45, mkono unaofanya kazi unabaki sentimita 71 na mkazo unashuka hadi 485 hivi. Nati imelegea na wewe umeshaandika kwenye kitabu "imekazwa". Na akiruka, hakuna anayejua ni ngapi. Spana ya kupimia mkazo ipo na inalia klik. Kwa nini tugeuzane mizani?

Afande Mstaafu
Nimesema porini. Soma kabla hujajibu.

Mama Vifaa
Wanangu, nyote wawili mnachapana kwenye kivuli. Stadi (bolti ya habu inayoshika nati ya tairi) haikatiki siku ile inapokazwa. Inavutwa kidogo kidogo, au nati inalegea tairi lianze kucheza, ndipo stadi inakatika kilomita mia tatu mbele. Na chanzo mara nyingi si bomba wala bunduki ya upepo. Ni RANGI. Rimu zimepigwa rangi mpya nzito ili gari lipendeze. Rangi ile inasagika kati ya rimu na habu (kitovu cha gurudumu), unene unapungua kama unene wa karatasi mbili, na mkazo wote umekwisha.
Kwa wanaotaka kufanya sawa: piga brashi ya waya uso wa habu na wa rimu, pande zote, mpaka chuma kionekane. Nati yenye washa yake ya kuzunguka inataka tone moja la oili kwenye meno na lingine kati ya nati na washa, basi. Nati ya koni acha uso wa koni mkavu. Kaza kwa kuvuka upande wa pili, msizunguke kama saa. Mzunguko wa kwanza nusu ya mkazo, wa pili mkazo kamili. Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100.
Ila hatari ya kweli mmeiruka. Fundi aliyezoea injini za pampu ya zamani hutafuta silinda iliyokufa kwa kulegeza paipu ya injekta injini ikiunguruma, mlio ukibadilika anajua hiyo ilikuwa nzima. Nozeli ya injekta hiyo hufunguka kwenye ba (kipimo cha shinikizo) 200 hivi. Fundi huyohuyo umpe lori la sasa lenye reli moja ya mafuta inayolisha injekta zote, ambayo inafika ba 1,600 na zaidi, akilegeza paipu ile dizeli inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kama tundu la pini, hakiumi sana mwanzoni, na mkono unaweza kukatwa. Kwa hili tu, sitaki cheti cha bure kwa mtu yeyote. Awe mjeda, awe wa mtaani.

Afande Mstaafu
Mama Vifaa, shikamoo. Ila "aliyezoea injini za pampu ya zamani" ni kututukana kwa upole. Nani kakwambia jeshini kuna magari ya zamani tu?

Mama Vifaa
Marahaba. Sikutaja jeshi hapo, mwanangu. Nilisema fundi.

Spana 32
😂😂 Afande kajishika mwenyewe.

Mtu wa Tunduma
Mimi niongelee madereva, maana nako ni huko huko. Marekani dereva wa lori la jeshi anapewa leseni ya malori makubwa bila mtihani wowote. Anaonyesha kadi yake ya jeshi, kesho yuko barabarani. Sisi tunashindwa nini?

Karakana Kuu
Mkuu, si hivyo kabisa. Ule msamaha ulianza kama wa mtihani wa kuendesha, na una masharti: awe ameendesha gari kubwa la jeshi miaka 2 mfululizo kabla ya kuomba, aombe ndani ya mwaka 1 tangu aache kazi hiyo, na rekodi yake barabarani iwe safi. Msamaha wa mtihani wa kuandika ulikuja baadaye, na kila jimbo linaamua.

Mtu wa Tunduma
Sawa, nilikuwa karibu. Ila hata hivyo ningeogopa. Lori la jeshi linabeba tani 5, linatembea kwa msafara, kamanda kapanga mwendo na nafasi. Umtoe hapo umpandishe kwenye semi ya tani 56 jumla, peke yake, ateremke mlima Kitonga. Gia anayojua kushukia ni ya tani 5. Atakanyaga breki ya miguu mfululizo, ngoma zitapata moto, na chini kule kanyagio litashuka bila kushika kitu.

Afande Mstaafu
Hapana, hapana. Mtu wa msafara ndiye ANAYEJUA kuteremka. Gia nzito inaingizwa ukiwa bado kileleni, kabla ya mteremko, breki ya injini inafungwa, mguu unagusa na kuachia. Anayeua watu Kitonga ni raia mwenye haraka ya kuwahi mzigo, anayeweka gia huru kuokoa dizeli. Na wangapi kati yenu humwaga maji ya mitungi ya upepo wa breki kila asubuhi? Jeshini gari haliondoki bila hilo. Upepo unajazwa mpaka ba 8, injini inazimwa, unasimama na saa mkononi uone mshale wa geji unashuka kiasi gani. Uraiani mnasubiri king'ora cha upepo mdogo ndiyo mshtuke.

Mtu wa Tunduma
Hapo kwenye maji ya mitungi nakubali. Kwa shingo upande.

Kijana wa Ruvu
Shikamooni wakubwa. Na sisi wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) tuliojitolea miaka miwili tukafanya kazi karakana tumo kwenye huo msamaha? Maana JKT ni jeshi tangu 1964.

Spana 32
Dogo, 1964 ni JWTZ, Jeshi la Wananchi, tarehe 1 Septemba. JKT ni Julai 1963. Umekula ugali wa kambi hujui hata umri wake.

Kijana wa Ruvu
Basi sisi ni wakubwa zaidi, tupewe cheti cha kwanza.

Afande Mstaafu
Miaka miwili, ukitoa kuruta, gwaride na shamba la mahindi, karakana umekaa miezi mingapi? Kijana, mada inasema miaka 10.

Kijana wa Ruvu
Kwa hiyo afande leo ndiye mtahini?

Karakana Kuu
Turudi kwenye mada jamani. Naona hata Mama hapingi ujuzi, anapinga cheti cha bure. Basi nirekebishe: asirudishwe darasani, apimwe kwa vitendo. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anajaza fomu, anapimwa kwa mikono na kwa mdomo, penye pengo anafundishwa hilo pengo tu, kisha anapimwa mara ya mwisho. Hiyo paipu ya mafuta ndiyo iwe pengo la kwanza kufundishwa.
Kinachowaangusha wengi ni karatasi. Kabla hujavua kombati, mwombe mkuu wa karakana akuandikie ukurasa mmoja: aina za magari, kazi ulizofanya mwenyewe (klachi, breki ya upepo, kufunga injini), na miaka. Visitajwe vikosi wala idadi ya magari, asije akakataa kusaini. Na kwenye barua ya kazi usiandike "nilikuwa sajini wa karakana". Andika "nilisimamia mafundi 8 na kuidhinisha gari kutoka". Mwenye gereji hajui sajini ni nani, anajua fundi 8.

Spana 32
Kwa hiyo mtihani upo. Nilisema tangu post ya pili.

Afande Mstaafu
Ulisema bomba na saluti. Usijipe sifa.

Spana 32
Haya, basi nikutahini mimi. Lori la zamani, tairi la nyuma upande wa kushoto, stadi imechapwa herufi L kwenye ncha. Bomba lako la mita 1 unalisukuma kuelekea wapi ili nati ifunguke?

Mama Vifaa
Afande, usijibu haraka. Stadi za namna hiyo siku hizi hazipatikani kirahisi.

Afande Mstaafu
Kufuata mshale wa saa. Meno ya kushoto hayo, hufunguka kinyume cha kawaida. Mngeniuliza kitu kigumu.

Kijana wa Ruvu
Kumbe ndiyo maana ile ya kambini ilikatika 😅