Mrejesho: somo la watumwa watoro kwa wanafunzi wasioona

Nawashukuru sana nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuwafundisha wanafunzi wangu wasioona, hapa Mombasa, habari za watumwa waliotoroka, ilhali kitabu kimejaa ramani na picha.

Ramani ya kugusa imefaulu. Kamba nene ndiyo pwani, msasa ndiyo nchi kavu, shanga ni Rabai, penye misheni ya Wakristo iliyowapokea watoro, na kifungo ni Fuladoyo, makazi ya watoro kule bara. Vidole vilipofuata njia, maswali yakamiminika: walikula nini? Nani aliwaficha? Nikawaeleza jinsi Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyosimamia pwani wakati huo, alivyokubali mwaka 1888 mabwana walipwe fidia, ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni wapewe hati za uhuru. Kipindi kikaisha wakibishana nani hasa alistahili kulipwa. Sijawahi kuwasikia wakichachamaa hivyo.

Aliyenishauri niwapeleke Kengeleni, Mungu ambariki. Kuwasimulia kuhusu kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, iliyowaonya wakazi wake kwamba wawinda watumwa wanakuja, mkiwa pale pale, kuna uzito wake. Nendeni alfajiri lakini. Baadaye kelele za magari humeza kila neno.

Breli, maandishi ya nukta za kugusa, ndiyo iliyokwama. Nakala hazikutosha, na wenye uoni hafifu walihitaji herufi kubwa, si nukta. Kwa sasa wote wanasikiliza masimulizi niliyorekodi kwenye simu, na nakala za breli bado nazitafuta.