Ngoma ya Ngadji irudi kwa njia ipi: mkopo, hati au moja kwa moja?

Mto_Tana: Wakuu, Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, Kenya, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902. Iko British Museum, London, tena stoo. Kwingine naona njia tatu. Ghana: mwaka 2024 British Museum na makumbusho ya Victoria and Albert walipeleka Kumasi vitu 32 vya Waashanti, mkopo wa miaka mitatu. Nigeria: mwaka 2022 Ujerumani ilikabidhi umiliki wa shaba za Benin (sanaa za ufalme wa kale wa Benin, uliopo Nigeria) zaidi ya 1,000, ila nyingine zimebaki Berlin kwa mkopo. Jamhuri ya Benin: Ufaransa ilirudisha vitu 26 mwaka 2021, basi. Mngechagua ipi?

Kasri: Mkopo ni matusi. Mwizi akuazime kuku wako, tena akupangie siku ya kumrudisha?

BintiLamu: Kaka, sheria ya British Museum ya 1963 inawazuia wadhamini kutoa mali, isipokuwa kwa sababu chache mno. Bunge lao lisipoibadilisha, mlango ulio wazi ni mkopo. Halafu aliyeafikiana nao kule Kumasi ni Asantehene, mfalme wa Waashanti, si serikali ya Ghana. Wapokomo nao wana mfalme.

Kasri: Fowler Museum ya Los Angeles ilimrudishia Asantehene huyohuyo vitu saba, Februari 2024, bila masharti. Kumbe inawezekana.

Mzee wa Kaya: Mnabishania inavyotoka, mimi nauliza inafikia wapi. Vigango 30 vya Wamijikenda, yaani nguzo za kuwakumbuka wafu, vilivyotumwa kutoka Denver, Marekani, mwaka 2019 vilikwama uwanja wa ndege Nairobi, vikidaiwa kodi. Kodi ya vigango, jamani! Na Nigeria, Rais alipotangaza mwaka 2023 kwamba mmiliki wa shaba ni Oba, mfalme wa Benin, Chuo Kikuu cha Cambridge kiliahirisha makabidhiano. Jina la mpokeaji lisipokubaliwa mapema, mzigo hausogei.

Mto_Tana: Ndiyo maana naegemea njia ya Ujerumani. Hati ya umiliki kwanza, kwa jina la Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo. Ngoma ifuate pakishapatikana pa kuiweka.

BintiLamu: Lakini hati ndiyo hasa inayokatazwa na ile sheria ya 1963. Berlin hawana kizuizi hicho.

Mto_Tana: Basi mkopo, ila mkataba usiwe na kifungu cha sisi kukiri kwamba mwenye mali ni wao.

Kasri: Hapo nitasaini. Kwa shingo upande.

Mzee wa Kaya: Na kodi ilipwe na nani?